Gari Linakunywa Oili: Nitengeneze au Niuze?

Safu hii huandikwa na mama aliyeshika daftari la hesabu katika gereji moja ya Shimanzi, Mombasa, kwa miaka mingi. Barua za wasomaji zimefupishwa.

SWALI: Assalam alaykum, Bi Mkubwa. Mimi ni muuguzi. Naishi Mtwapa na kazi yangu ni hospitali kisiwani, mara nyingi zamu ya usiku. Gari langu ni Toyota Corolla NZE ya 2004. Nililinunua lilipoingia nchini 2011, namba KBQ, na halikunisumbua mpaka mwaka huu. Sasa linakunywa oili, kila baada ya wiki mbili naongeza nusu lita. Nikikaa kwenye foleni ya Daraja la Nyali joto hupanda. Mbele linagonga nikivuka matuta, na mvua ikinyesha zulia la nyuma hurowa.

Fundi wangu ameniandikia hivi: injini ya mtumba kutoka Japani pamoja na kazi 95,000, shokamzoba nne 28,000, bushi, boljointi na linki 14,500, rejeta 11,000, kuchomea sakafu na kupaka rangi 38,000. Jumla 186,500. Dalali yuko tayari kunipa 290,000 gari likiwa vivyo hivyo. Kaka yangu asema gari la miaka ishirini ni shimo la pesa, niliuze, nichukue mkopo wa Sacco wa 800,000 na ninunue Fielder ya 2012 aliyoiona yadi kwa 1,080,000. Mkopo ni wa miezi 48, asilimia moja kwa mwezi kwenye salio. Ninachokihofia zaidi ni kukwama njiani usiku, mwanamke peke yangu. Nifanyeje?
Muuguzi, Mtwapa

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Ahsante kwa kuniandikia bei moja moja. Wengi huniletea jumla peke yake, na jumla hainiambii kitu. Hiyo 186,500 yako ni shida tano zilizoandikwa kwenye karatasi moja, na kila moja ina dawa yake na haraka yake. Nitaanza na zulia, maana kwangu mimi ndilo litakaloamua kama gari hili libaki au liende.

Huku kwetu pwani kutu hulimaliza gari kabla injini haijachoka. Upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na bati likishakwaruzika halipati nafasi ya kukauka. Juu ya hayo tunaosha magari kwa maji ya kisima. Wewe uko Mtwapa, ladha ya maji ya visima vya huko waijua. Kijana wa kuosha gari anapiga maji kwa mpira mpaka chini ya magurudumu, juu gari linang'aa, chini amekuachia chumvi ikauke. Na gari dogo kama Corolla halina chesisi ya peke yake kama pikapu. Bodi ndiyo chesisi. Sakafu, vizingiti vya milango, pale juu shokamzoba za mbele zinapofungwa, vyote vinabeba uzito. Injini ya NZE ukiitaka leo utaipata kabla ya magharibi. Bodi haina duka.

Nakumbuka Nissan Sunny moja iliyoletwa gereji kwetu kubadilishwa bushi. Mwenyewe alikuwa ametoka kuwekewa injini nyingine kwengine, ana raha zake, anatufungulia boneti tuitazame. Fundi akalipandisha gari kwa jeki, kisha akaja kunigongea dirisha la ofisi nitoke nikaone. Alishika bisibisi akaisukuma kwenye kizingiti chini ya mlango wa dereva. Hakutia nguvu. Ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa ilitoka na unga mwekundu na kipande cha gazeti. Gazeti! Kuna mtu aliziba tundu kwa karatasi, akapaka pati, akapuliza rangi juu yake, na pengine akalipwa vizuri. Gari lile mwishowe lilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, likapimwa kwa kilo, na injini ikauzwa peke yake kwa hasara.

Basi kabla hujampa mtu hata shilingi, lipeleke gari mahali penye shimo au lifti, na uende siku yako ya mapumziko ili usimame pale uone. Zulia la nyuma ling'olewe lote pamoja na lile sufi la chini yake, usikubali kuinuliwa pembe tu. Sakafu ya gari ina matundu yaliyozibwa kwa vifuniko vya mpira. Mpira ukizeeka hukakamaa ukaanguka, na maji ya barabarani yakapanda. Ikiwa ni hilo, shida yako ni ya bei ya soda. Tazama pia mipira ya milango. (Lingekuwa zulia la mbele upande wa abiria, ningekwambia kwanza tazama bomba la kutolea maji ya eisi. Huku tunaendesha eisi mwaka mzima, bomba likiziba maji yote yanarudi ndani, na watu wanachomea sakafu isiyo na kosa.)

Kisha fundi agongegonge kwa nyundo ndogo na kusukuma kwa bisibisi: vizingiti, krosmemba (ule mhimili wa chuma wa chini unaoshika wishboni, mikono ya magurudumu ya mbele), pale ekseli ya nyuma inapofungwa kwenye bodi, na juu ya shokamzoba. Utasikia mwenyewe, bati zima lina sauti kali na lililooza lina sauti ya kufa. Ukungu wa kutu juu juu si neno, hukwanguliwa ukapakwa dawa. Tundu moja kwenye sakafu tambarare hukatwa likachomewa bati jipya. Lakini bisibisi ikizama kwenye krosmemba au pale ekseli inaposhika, mwanangu, hapo hatuna mazungumzo tena. Uza.

Na hiyo 38,000 mwambie fundi wa bodi aigawe. Bati ni kiasi gani, rangi ni kiasi gani? Rangi ni ya macho, inaweza kungoja. Bati lililooza likatwe na kutupwa, wasilifunike kwa kiraka. Waliochomea kiraka juu ya kutu nimeandika majina yao kwenye daftari, na baada ya masika mbili nikayaandika tena.

Tuje kwenye injini. Hapa fundi wako amefanya haraka. Kwa hesabu yangu, Mtwapa kwenda na kurudi, siku za kazi na za mizunguko, huenda unafika kilomita 1,000 kwa mwezi. Lita moja kwa kilomita 1,000 ni nyingi, ila ndicho kiwango cha juu ambacho watengenezaji wengi wa magari wenyewe huandika vitabuni kwamba bado chavumilika. Kwa pesa, lita ya oili nzuri ni kama 900. Wewe unaambiwa utoe 95,000 ili kuokoa 900 kwa mwezi. Gawanya: karibu miaka tisa kabla pesa hiyo haijarudi, na injini unayouziwa ni ya mtumba, imetoka kwenye gari la mtu Japani. Historia yake huijui, wala muuzaji haijui.

Kwanza ijulikane oili inakwenda wapi. Liegeshe kwenye sakafu safi usiku mmoja, asubuhi utazame chini. Gasketi ya juu ya valvu ikivuja oili humwagikia nje, na hiyo ni kazi ya saa moja. Kama hakuna tone, tazama moshi. Ukiwasha asubuhi likitoa moshi wa buluu kidogo kisha likaacha, mara nyingi ni sili za valvu, vile vimpira vya kuzuia oili, na hizo hubadilishwa bila kung'oa injini. Likitoa buluu unapolikanyaga mafuta kupanda daraja, yashuku ringi za pistoni. Halafu fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, silinda zote nne. Silinda yenye kipimo cha chini itiwe oili kidogo kupitia tundu la plagi na ipimwe tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Wakati huohuo, kijiti cha oili ukitazame kila wiki, gari likiwa tambarare na injini imepoa. Injini hiyo inabeba lita 3.7 tu, ukisahau mwezi mmoja umeshapoteza zaidi ya robo, na hapo kweli utahitaji injini.

Kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako ni lile joto kwenye foleni. Injini za NZE bloku na kichwa vyote ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto kali hujipinda. Siku sindano itakapogonga nyekundu hapo darajani, gasketi ya kichwa itakwenda, maji yataingia kwenye oili, na ile 95,000 utailipa upende usipende. Lakini joto linalopanda gari likisimama na kushuka likitembea, mara nyingi ni feni. Feni iko mbele ya macho, haihitaji kubahatisha: gari liachwe likinguruma mpaka lipate moto, feni izunguke yenyewe. Isipozunguka, watazame mota, fyuzi na rilei kabla ya kukuuzia rejeta. Ikizunguka na joto bado lapanda, basi rejeta imeziba, na nitakuuliza umekuwa ukiijaza maji gani. Kama ni ya kisima, jibu tunalo. Tangu leo tia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Hii ifanywe wiki hii hii, hata kama utaliuza mwezi ujao.

Bushi na boljointi fanya, hayo ni usukani na roho yako. Shokamzoba uliza kama zote nne zimevuja au ni za mbele tu. Vumbi na mashimo ya miaka ya kupanua barabara ya Mtwapa yamewaumiza wengi, ila za nyuma wakati mwingine huwa bado nzima.

Sasa kukwama usiku. Watu huchanganya gari linalokula pesa na gari linalokuacha njiani, na hayo ni mambo mawili. Corolla yako haitakuacha Bombolulu saa nane za usiku kwa sababu inakunywa oili. Itakuacha kwa betri, kwa fenibelti iliyopasuka, kwa hosi ya maji, kwa koili ya plagi, kwa pampu ya petroli, na kwa joto nililolisema. Karibu vyote hivyo vinatazamika mchana, na vikijumlishwa havifiki bei ya injini. Kaka yako naye aelewe kwamba Fielder ya 2012 ina betri, ina hosi, ina koili, na zina umri.

Na Fielder hiyo inakugharimu nini? Mkopo wa 800,000 kwa masharti uliyoniandikia ni marejesho ya kama 21,070 kila mwezi. Mpaka mwisho utakuwa umelipa 1,011,000 na kidogo, yaani 211,000 juu ya ulichokopa. Ongeza bima kubwa, ambayo kwa gari la milioni moja usitarajie chini ya elfu arobaini kwa mwaka. Matengenezo yote ya Corolla ukitoa injini, hata ukimlipa fundi wa bodi yote aliyoitaka na shokamzoba nne, ni 91,500. Ni marejesho ya miezi minne na siku chache. Hapo ndipo pa kulinganisha. Watu hulinganisha bili ya fundi na bei ya gari, wanashtuka kwamba bili ni theluthi mbili ya gari, wanakimbilia mkopo. Gari likishakuwa la 290,000 bili yoyote itaonekana kubwa. Linganisha mwezi kwa mwezi.

Kwa hiyo: bati likiwa zima, mimi ningekaa na KBQ. Feni au rejeta, bushi, shokamzoba zilizovuja, bati, vile vitu vya kukwamisha, basi. Injini niiache inywe. Ukishamaliza kulipia matengenezo, tenga elfu tano kila mwezi za gari na 900 za oili, na kwenye ile 21,000 uliyokuwa tayari kuitoa itabaki kama elfu kumi na tano. Itie Sacco kama akiba. Kwa mwaka ni 180,000, na Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba, kwa hiyo siku utakayobadilisha gari utakuwa na nguvu ya kuchagua. Ila usiliwekee gari hili kila kitu kipya. Kampuni nyingi za bima hazitaki kulikatia bima kubwa gari la umri huo, una bima ya mtu wa tatu tu, na likiibwa au likiungua hakuna atakayekurudishia hizo shokamzoba.

Bati likiwa limeoza, chukua bei ya dalali bila kununua hata rejeta, lakini uliza madalali wengine wawili kwanza, na mnunuzi umwambie ukweli wa sakafu. Halafu Fielder ikaguliwe na mtu wako, si wa yadi. Fielder za miaka hiyo nyingi zina giaboksi ya CVT, otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia. Uliza ilitiwa mafuta gani mara ya mwisho, maana yapo mafuta yake maalumu na kuna mafundi humiminia ATF ya kawaida, mafuta ya giaboksi nyingine za otomatiki. Ukijaribu kuiendesha, ipandishe mlima polepole. Ikitetemeka au ikinguruma bila kwenda, mrudishie ufunguo. Na umuulize mwenyewe mbona anauza. Mtu anayeuza gari ana sababu, na mara nyingine sababu hiyo ndiyo unayoinunua.

SWALI: Mama, toleo lililopita uliwaambia wasomaji wasikubali kubadilisha injini kabla ya kupimwa kompresheni. Tangu hapo wateja wanatujia na maswali kama askari wa trafiki. Kipimo kinachukua muda, plagi zote nne zitoke, na mteja hataki kukilipia. Unatuharibia kazi.
Fundi, Changamwe

JIBU: Pole, lakini dawa yake unayo mwenyewe: kiandike kwenye bili. "Kupima kompresheni", na bei yake mbele. Nimekaa nyuma ya daftari, najua mchezo unavyokwenda. Fundi anachunguza bure, mteja anafurahi, kisha jasho la uchunguzi linafidiwa kwenye bei ya spea. Mteja akija kugundua bei ya dukani anakuita mwizi, na wewe ulikuwa unadai haki yako kwa mlango wa nyuma. Anayekataa kulipia kipimo atoke na gari lake. Na nyinyi wasomaji: kipimo cha elfu moja au mbili kinachokuepusha na injini ya elfu tisini na tano mnakinung'unikia cha nini?

SWALI: Shangazi, nina Probox ya 2006, nabeba mboga kutoka Kongowea kuwapelekea wateja wa Likoni na Mtongwe. Giaboksi inateleza, fundi ataka 55,000 kuweka nyingine ya mtumba. Gari likilala siku moja napoteza kama 2,500. Nitengeneze au nitafute jingine?
Muuza mboga, Likoni

JIBU: Tengeneza, tena haraka. Gari la kazi hesabu yake ni fupi: siku 22 za kazi kwa hiyo 2,500 na giaboksi imejilipa. Wewe adui yako ni siku za kungoja, kwa hiyo giaboksi inunuliwe na iwe mkononi kabla gari halijaingia gereji, na upatane siku ya kutoka. Omba dhamana iandikwe kwenye risiti, hata kama ni ya mwezi. Kabla ya yote wakague mafuta ya giaboksi. Yakiwa yamepungua tu, kuna tumaini la bei nafuu; yakiwa meusi yananuka kuungua, hakuna. Probox sokoni haikosi mnunuzi, hilo nalo linakulinda. Na unaposubiri feri usikae na gia kwenye D umekanyaga breki muda wote. Weka N, vuta breki ya mkono, shuka unyooshe miguu.

SWALI: Badala ya kutengeneza Vitz yangu nimeona gari la 2018 kwenye tovuti ya Japani, bei yake kule ni rahisi ajabu, chini hata ya Vitz za hapa. Injini ni cc 1,300. Nikilileta mwenyewe si nitakuwa nimepunguza dalali?
Kijana, Tudor

JIBU: Utampunguza dalali na utaongeza shida. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka minane, na kwa mwaka huu wa 2026 ni magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2019 na kuendelea. Hilo la 2018 litakwama hapo bandarini tu, nawe utalitazama kwa mbali.

Ukipata la mwaka unaokubalika, usitazame bei ya tovuti. Ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu ya jumla hiyo unatozwa ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500. Juu ya hiyo jumla tena, VAT ya asilimia 16. Vinapandana: kila shilingi 100 ya thamani hutoka kama 188, bado tozo nyingine ndogondogo na gharama za bandari na wakala. Na thamani hiyo KRA, mamlaka ya ushuru, huitoa kwenye orodha yake, risiti yako haiwazuii.

Bei ya Japani ni rahisi kwa sababu kule gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi wenyewe ni ghali, hivyo wengi huona afadhali wauze. Si kila rahisi ni mbovu. Lakini uliza gari limeishi mkoa gani. Kaskazini, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kuna magari hushuka meli hapa Kilindini tayari yana kutu chini. Sasa ulete la namna hiyo Mombasa ukaliongezee chumvi yetu! Omba picha za chini ya gari, na karatasi ya mnada. Alama ya R ina maana gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Vitz yako hukuniambia inaumwa nini. Niandikie tena, unitajie bili moja moja kama alivyofanya muuguzi wa Mtwapa.

SWALI: Bi Mkubwa, salaam. Gari langu limefika mwisho, fundi mwenyewe amekata tamaa. Sitaki mkopo wa riba. Wenzangu wananiambia nichukue murabaha lakini naona marejesho yake hayana tofauti kubwa na ya benki nyingine. Kuna faida gani?
Mwalimu wa madrasa, Mji wa Kale

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Hukumu yake waulize wanavyuoni, na wewe uko karibu nao kuliko mimi. Mimi nitakwambia ya daftari. Katika murabaha benki hainunui deni lako, inanunua gari. Linakuwa lake kwanza, kisha inakuuzia wewe kwa bei iliyoongezwa faida mnayokubaliana, na unalipa kidogo kidogo. Bei hiyo ikishasainiwa haipandi. Kwenye mkopo wa kawaida wa benki, riba ikibadilika nchini marejesho yako yanaweza kubadilika nayo, na mwaka wa tatu ukajikuta unalipa tofauti na ulichopanga. Kwa mtu wa mshahara anayepanga mwezi hadi mwezi, hilo lina thamani hata marejesho yakilingana leo.

Kabla ya kusaini uliza mambo matatu, na majibu yawe kwa maandishi. Ukilipa kabla ya muda, watakupunguzia faida iliyobaki au utalipa yote? Ukichelewa, unatozwa nini na pesa hiyo inakwenda wapi? Na wanakubali gari la umri gani, maana wengine hawagusi la zaidi ya miaka kadhaa na utakuwa umeshampa muuzaji ahadi. Usilipe amana yoyote kwa mwenye gari kabla benki haijakagua. Mpangilio wenyewe wataka wao wanunue kwanza. Na gari lako la zamani, ikiwa fundi amekata tamaa kwa sababu ya injini, basi bodi, milango, taa na giaboksi bado vina wenyewe. Usimwachie dalali wa kwanza.